Mshona Viatu Aliyehesabu Kurasa

Jumapili iliyopita mchungaji wetu mkuu alitufundisha kutoka Zekaria 4, habari za Zerubabeli na wale waliodharau mwanzo mdogo wa hekalu. Baada ya ibada ya pili, nikiwa bado napanga viti, dada mmoja alinijia. Ana kibanda cha mboga, ana watoto watatu, na jioni anasoma kozi. Aliniuliza kitu kimoja tu: mambo madogo ni sawa, lakini je, yakibaki madogo miaka saba?

Sikuwa na jibu. Tuliomba pamoja, akashika njia, mimi nikabaki na ile miaka saba kichwani. Usiku nikakumbuka kwamba kuna mtu nimewahi kumsoma ambaye alingoja miaka saba kweli kweli, kwa hesabu ya kalenda. Jina lake William Carey. Wengi mmelisikia kwenye juma la umisheni. Kwa kawaida tunamsimulia kwa dakika mbili: alikwenda India, akatafsiri Biblia, haleluya, tukae. Leo nataka tuangalie saa zake. Mimi nimesomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na ugonjwa wa hesabu bado haujanitoka.

Carey alizaliwa tarehe 17 Agosti 1761 katika kijiji cha Paulerspury, Northamptonshire, Uingereza. Baba yake, Edmund, alikuwa mfumaji wa nguo, baadaye akawa mwalimu wa shule ya kijiji na karani wa parokia. Nyumba haikuwa ya njaa, lakini ya pesa pia haikuwa. Kijana alipenda sana mimea na wadudu, angekuwa mkulima mzuri, ila ngozi yake ilikataa jua. Akishinda juani, usiku halali kwa maumivu. Basi alipokuwa na miaka 14 hivi akapelekwa kijiji cha Piddington kufundishwa kushona viatu kwa fundi aliyeitwa Clarke Nichols.

Pale karakana kulikuwa na kitabu cha kufafanua Agano Jipya, na ndani yake maneno ya Kigiriki. Kijana hakujua yale ni maandishi ya wapi. Akawa anayanakili kwenye karatasi, na akienda kwao anampelekea jirani mmoja msomi, Thomas Jones, amsomee. Ndivyo alivyoanza Kigiriki. Hakuna shule, hakuna karo, ni vikaratasi tu mfukoni na jirani mwenye subira. Baadaye aliongeza Kilatini, Kiebrania, Kiholanzi na Kifaransa kwa njia hiyo hiyo, kitabu kikiwa wazi kando yake huku mikono ikipigilia soli. (Sisi Wapentekoste tunapenda lugha zishuke kutoka juu, na zinashuka, Mungu asifiwe. Carey alizipata kwa kamusi.)

Kuokoka kwake kulianza kwa aibu. Msimu wa Krismasi mwenye duka mmoja alimpa shilingi ya bandia kama zawadi. Carey alipokuja kugundua, akajaribu kuibadilisha na ya tajiri wake na kusingizia kwamba ile mbovu ilikuwa ya tajiri. Uongo ukajulikana. Kijiji ni kijiji, akaona haya hata kutembea barabarani. Mwanafunzi mwenzake pale karakana, John Warr, alikuwa amemshuhudia kwa muda mrefu bila mafanikio. Sasa moyo ulikuwa umelainika. Kufikia 1779 alikuwa ameamua kumfuata Kristo. Mwaka 1783 akabatizwa katika mto Nene.

Mwaka 1781 alimwoa Dorothy Plackett. Bibi harusi hakujua kuandika, alitia alama tu kwenye kitabu cha ndoa. Naomba mlishike jina la huyu mama, Dorothy, kwa sababu nitarudi kwake na sitarudi nikicheka. Mtoto wao wa kwanza, Ann, alikufa kwa homa akiwa bado mdogo sana. Homa hiyo hiyo ilimshika baba pia, akapona, lakini nywele zikamtoka akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu.

Walihamia Moulton mwaka 1785. Hapo Carey alifundisha shule mchana, alishona viatu ili mshahara utoshe, na Jumapili alihubiri. Hata vyote vitatu vikiunganishwa havikushibisha nyumba vizuri. Ukutani alibandika ramani ya dunia aliyoitengeneza mwenyewe kwa kuunganisha karatasi, na juu ya kila nchi akaandika alichokipata kuhusu idadi ya watu na dini yao. Akishona, anainua macho, anaangalia ramani, anaombea nchi moja, anarudi kwenye kiatu. Inasimuliwa kwamba mfanyabiashara wa viatu wa Kettering, Thomas Gotch, alimwuliza anapata shilingi ngapi kwa wiki kutokana na ushonaji. Aliposikia ni kama tisa au kumi, akaamua kumpa shilingi 10 kila wiki ili asishone tena, asome. Wafanyabiashara mlio kanisani, mkumbukeni Bwana Gotch. Hakwenda India, hakuhubiri, alinunua tu saa za mtu mwingine.

Mwaka 1792 Carey alitoa kitabu kidogo, kurasa 87, akieleza kwa takwimu kwa nini Wakristo wana wajibu wa kupeleka injili kwa mataifa. Nilipokisoma niliona ni kama mpango wa biashara: nchi, ukubwa, watu, vizuizi, gharama. Tarehe 30 Mei mwaka huo alihubiri Nottingham kutoka Isaya 54, pale panapozungumzia kuipanua hema. Na tarehe 2 Oktoba, Kettering, wachungaji wachache walikutana katika nyumba ya mjane mmoja wakaanzisha chama cha umisheni. Ahadi ziliandikwa kwenye vikaratasi na kutiwa kwenye kikebe cha ugoro cha mchungaji Andrew Fuller. Jumla: pauni 13, shilingi 2 na peni 6. Na hizo ni ahadi, pesa zenyewe zilikuwa bado. Carey hakuwa na hata senti ya kutoa, akaahidi faida ya kile kitabu chake. Sisi tuliochangia ujenzi wa ukumbi tunajua umbali uliopo kati ya ahadi na pesa.

Dorothy hakutaka kwenda India. Tusimlaumu. Alikuwa mjamzito, hajawahi kuishi mbali na kwao, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeingia vitani, na mumewe anamwambia waende mahali ambapo barua huchukua miezi mingi. Carey aliamua kuondoka na mtoto mmoja tu, Felix. Meli ya kwanza ikawakataa kwa kukosa kibali, na katika siku hizo za kungoja, Dorothy ambaye alikuwa ametoka kujifungua juzijuzi akakubali, kwa sharti kwamba dada yake aende naye. Tarehe 13 Juni 1793 wakapanda meli ya Kidenmaki, wakafika Calcutta mwezi wa Novemba. Njiani Carey alijifunza Kibengali kutoka kwa mwenzake, daktari John Thomas, aliyekuwa ameishi huko kabla.

Sasa miaka saba ndiyo inaanza hapo, dada yangu.

Pesa ziliisha mara moja. Daktari Thomas alikuwa mtu wa moyo mkubwa na madeni makubwa zaidi. Familia ilihamahama, ikaishi hata ukingoni mwa misitu ya Sundarbans yenye chui wakubwa, mpaka mwaka 1794 Carey alipopewa kazi ya kusimamia kiwanda cha nili huko Mudnabati, kaskazini mwa Bengal. Nili ni ile rangi ya buluu ya kutia nguo. Mwaka huo huo mwanawe Peter, wa miaka 5, alikufa kwa kuhara damu. Kwa sababu ya miiko ya kugusa maiti, hata watu wa kuchimba kaburi na kubeba mwili walipatikana kwa shida. Baba mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Kazi ya nili hubana sana miezi mitatu hivi kwa mwaka, miezi mingine hulegea. Mtu mwingine angeiona ile miezi ni ya kupumzika. Carey aliikata vipande vipande: kutafsiri, kujifunza Kisanskriti, kutembea vijijini akihubiri, kuendesha kashule ka wavulana. Na kila mahali alipohubiri watu walisikiliza kwa adabu, wakaenda zao. Mwaka wa kwanza hakuna Mbengali aliyeokoka. Wa pili hakuna. Wa tatu, wa nne, wa tano, hakuna. Huku Uingereza kuna watu waliotoa pesa na wanataka ripoti. Mimi nimeshaandika ripoti za huduma, najua jasho la safu isiyo na kitu.

Alimudu vipi? Nimelisumbukia hili wiki nzima, na maoni yangu ni haya. Carey hakuwa akihesabu alichokuwa hana uwezo nacho. Mtu kuokoka ni kazi ya Roho Mtakatifu. Huwezi kuiweka kwenye daftari kuwa leo nitaokoa wawili. Lakini sura moja ya Mathayo kuingia katika Kibengali, hiyo ilikuwa mikononi mwake. Akimaliza sura, imemalizika, hakuna anayeweza kuirudisha nyuma. Kesho nyingine. Kufikia 1797 rasimu ya Agano Jipya lote la Kibengali ilikuwa karibu tayari, na mtu wa kulisoma kanisani hajapatikana hata mmoja! Kwa nje alikuwa meneja wa kiwanda aliyeshindwa umisheni. Uzeeni alimwambia mpwa wake kwamba kama mtu ataandika maisha yake, amsifu kwa jambo moja tu, kwamba alijua kujikongoja na jambo hadi mwisho.

Januari 1800 alihamia Serampore, mji mdogo uliokuwa chini ya Wadenmaki kando ya mto Hooghly, akaungana na wamishenari wapya: William Ward aliyekuwa mchapishaji, na Joshua Marshman na mkewe Hannah, walimu. Walifunga mtambo wa kuchapa wakaanza na ile Injili ya Mathayo. Mwezi wa Novemba seremala mmoja, Krishna Pal, akaanguka na bega lake likateguka. Daktari Thomas akaitwa, akalirudisha bega mahali pake, halafu akazungumza naye habari za Yesu. Tarehe 28 Desemba 1800 Krishna Pal alibatizwa katika mto Hooghly, siku moja na Felix, mwana wa Carey. Toka kufika kwao Calcutta ilikuwa miaka saba na mwezi mmoja na kitu. Mwezi wa Machi 1801 Agano Jipya la kwanza la Kibengali likawekwa juu ya meza ya Bwana. Yaani msomaji na kitabu vilifika karibu pamoja. Angekaa tu kungoja mtu wa kwanza aokoke ndipo aanze kutafsiri, Krishna Pal angebatizwa bila Neno la kusoma.

Jambo lingine wapendwa, siku ya ubatizo ule Daktari Thomas alirukwa na akili kwa furaha, akafungiwa ndani. Na katika chumba kingine Dorothy naye alikuwa akipiga kelele. Hivyo ndivyo siku ya ushindi ilivyosikika.

Tuje kwenye ratiba yake. Tarehe 12 Juni 1806 Carey alimwandikia rafiki yake John Ryland, akijitetea kwa nini haandiki barua mara kwa mara, na akamweleza siku yake moja. Wakati huo alikuwa pia mwalimu wa lugha katika chuo cha Fort William, Calcutta, ambacho serikali ilifungua kuwafundisha maafisa wake. Aliamka saa kumi na mbili kasorobo. Akasoma sura ya Biblia ya Kiebrania, akaomba hadi saa moja. Akaongoza ibada ya nyumbani kwa Kibengali. Chai ikimiminwa, akasoma Kiajemi kidogo na mwalimu wake. Kabla ya kifungua kinywa, Maandiko kwa Kihindustani. Baada ya kula, tafsiri kutoka Kisanskriti hadi saa nne. Kisha darasani hadi kati ya saa saba na saa nane mchana. Akarudi akasahihisha karatasi za kuchapwa za Yeremia ya Kibengali. Baada ya chakula, Mathayo kwa Kisanskriti hadi saa kumi na mbili. Halafu mwalimu wa Kitelugu. Saa moja usiku akatuliza mawazo kwa ajili ya mahubiri, saa moja na nusu akahubiri kwa watu kama arobaini, na baada ya ibada akapata rupia 500 za ujenzi wa jengo la ibada. Saa tatu akaketi kutafsiri sura ya Ezekieli, akamaliza karibu saa tano. Ndipo akaandika hiyo barua. Baada yake bado kulikuwa na sura moja ya Kigiriki kabla ya kulala.

Mara ya kwanza kusoma hii nilishangilia. Niliinakili kwenye daftari langu, nikatengeneza ya kwangu, nikaibandika jikoni. Kila nusu saa ina rangi. Mke wangu aliisoma, akanyamaza, kisha akaniuliza saa ya Dorothy ilikuwa ipi.

Nikarudi kuhesabu. Kiebrania kina saa yake. Kiajemi kina muda wa chai. Kitelugu kipo. Dorothy hayupo.

Tangu 1795, baada ya Peter kufa, akili ya Dorothy ilikuwa imevurugika. Aliamini mumewe anatembea na wanawake wengine, alimfuata akimtukana hadharani, mara nyingine alimshambulia. Leo angepata daktari na dawa. Wakati ule hapakuwa na kitu. Na tafadhali tusiseme haraka haraka kwamba ni mapepo. Mtu aliyezika watoto na kuvukishwa bahari asiyoitaka anaweza kuugua akili kama vile mguu unavyoweza kuvunjika. Carey hakumfukuza, alikaa naye nyumbani mpaka alipofariki tarehe 8 Desemba 1807. Sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa amefungiwa chumbani, na mumewe yuko chumba cha pili na kamusi zake, akisikia zile kelele na kuendelea kuandika. Wavulana walikuwa wakikua bila wa kuwashika. Waliokuja kuwanyoosha ni Hannah Marshman na William Ward, ambao walipofika Serampore walishtuka kuona jinsi baba alivyowaachia. Alikuwa mpole mno, na alikuwa na kazi mno.

Watu wengine husema angefanya nini, mke mgonjwa, kazi ya Mungu inangoja. Sijui kama ninakubali. Ninachoona ni kwamba alichokihesabu kilipata saa zake, na kilisonga mbele hata nyumba ikiungua. Watoto hawakuwa na kurasa za kuhesabu. Mtoto ukimkalia nusu saa, jioni huna kitu cha kuonyesha. Ile ratiba ya jikoni tumeitoa. Tuliyobandika sasa ameiandika mke wangu, haina rangi, na saa kumi na moja hadi saa moja jioni jina langu limeandikwa pamoja na majina ya watoto. Juzi nilichelewa mara mbili, kwa hivyo msidhani nahubiri kutoka mlimani.

Nimesema nyumba kuungua. Usiku wa tarehe 11 Machi 1812 moto ulishika jengo la uchapishaji huko Serampore. Carey alikuwa Calcutta. Marshman alimletea habari asubuhi. Shehena ya karatasi iliteketea, herufi za risasi za lugha nyingi ziliyeyuka, na miswada ya miaka mingi ikawa jivu: kamusi, sarufi, tafsiri. Iliyomuuma zaidi ilikuwa kamusi kubwa ya kulinganisha lugha za India. Mitambo yenyewe ya kuchapa ilipona, na vile vyuma vya kutengenezea herufi vikapatikana ndani ya kifusi. Siku chache baadaye mafundi walikuwa wakiyeyusha upya ile risasi iliyoharibika na kumimina herufi mpya. Carey alirudi kwenye sura ya kwanza. Alimwandikia rafiki kwamba safari ya pili katika njia ile ile huwa rahisi na ya uhakika zaidi kuliko ya kwanza. Uingereza waliposikia, katika muda wa miezi miwili hivi pesa za kufidia hasara zilikuwa zimechangwa, karibu pauni 10,000. Linganisheni na ile kikebe cha ugoro miaka ishirini kabla. Lakini ile kamusi kubwa haikurudi. Tusisimulie kana kwamba kila kilichoungua kilifufuka.

Kuna hesabu nyingine moja aliyoitunza kwa muda mrefu kuliko zote. Mwaka 1799 alikuta kando ya mto kundi la watu na kuni zilizopangwa. Mtu amekufa, na mjane wake anataka kuchomwa akiwa hai pamoja na maiti. Desturi hiyo iliitwa sati. Carey aliwasihi, akamsihi mwanamke mwenyewe, akabishana nao, hakufaulu, akaona kwa macho. Akaamua kupiga kelele juu ya jambo hilo mpaka lizimwe. Lakini zaidi ya kelele, alihesabu. Alituma watu wazunguke vijiji vya karibu na Calcutta na kuorodhesha wajane waliochomwa, wakaja na mamia kwa mwaka mmoja. Orodha ikapelekwa serikalini. Serikali haikufanya kitu. Akapeleka tena. Wahindi wenyewe kama Ram Mohan Roy nao wakapigana na desturi hiyo kwa nguvu sana. Miaka thelathini ikapita.

Desemba 1829 gavana mkuu, William Bentinck, alipitisha sheria ya kuipiga marufuku, na karatasi ya sheria hiyo ikaletwa kwa Carey aitafsiri kwa Kibengali. Ilimfikia Jumapili asubuhi akijiandaa kwenda kuhubiri. Mzee wa miaka 68, ambaye hakuwa na mazoea ya kuacha mimbari. Akapiga hesabu kwamba kila saa tafsiri inapochelewa kuna mjane mahali fulani anayeweza kupanda juu ya kuni. Akatuma ujumbe mtu mwingine ahubiri, akamwita msaidizi wake, wakakaa mezani, na kufikia jioni kazi ikawa imekwisha. Kwangu hiyo ndiyo Jumapili bora aliyowahi kuwa nayo, na hakukanyaga kanisani. Nayasema haya nikijua mchungaji mkuu atayasoma kabla hayajachapwa.

Kufikia mwisho wa maisha yake Biblia nzima ilikuwa imetoka Serampore kwa lugha sita, zikiwemo Kibengali, Kisanskriti na Kimarathi, na sehemu zake kwa lugha nyingine zaidi ya ishirini. Tafsiri nyingi zilihitaji kurekebishwa na waliokuja baadaye, nyingine hazikuwa nzuri kabisa. Mtu mmoja hawezi kuzijua lugha zote hizo vizuri, hata awe na wasaidizi hodari kama wale Wahindi waliokaa naye mezani miaka yote na ambao majina yao hatuyataji. Mwaka 1818 walifungua chuo cha Serampore, na mpaka leo kipo.

Uzeeni alikuwa na bustani. Ile ngozi iliyokataa jua la Northamptonshire ilikubaliana na asubuhi ya Bengal, na kila siku kabla ya kazi alikuwa akizunguka kati ya mimea yake, mingine aliyoletewa mbegu kutoka Uingereza. Alipokuwa hawezi tena kutembea, alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu aione, na baadaye mtunza bustani alikuwa akija kitandani kumpa ripoti. Siku moja alionekana ana huzuni. Marafiki walidhani anawaza kifo. Kumbe alikuwa anawaza kwamba akishaondoka, ndugu Marshman atawaachia ng'ombe waingie bustanini.

Alilala tarehe 9 Juni 1834, akiwa na miaka 72, alfajiri, karibu na saa aliyozoea kuamka.